Ndege Inashuka Ijumbi Saa Nane

Uledi aliizunguka ndege mara mbili kabla ya kuamini kwamba imetoka Moshi siku hiyo hiyo.

"Bwana, hii umeirusha mwenyewe au imepeperushwa na upepo?"

"Mwenyewe," alisema Privatus.

"Na ziwa umelivuka na hii?"

"Na ziwa."

Uledi alitikisa kichwa, akavingirisha pipa hadi chini ya bawa, akaanza kupampu mafuta kwa mkono. Alikuwa mhudumu wa uwanja wa ndege wa Bukoba tangu kabla ya Uhuru, na alizoea ndege za injini mbili zenye abiria waliovaa tai.

"Kumbe ndiyo wewe unayekwenda Ijumbi," alisema. "Watu wa kwenu wamefika hapa asubuhi kuuliza kama ndege imepita. Lori la ushirika linabeba watu tangu alfajiri. Na kwaya."

"Kwaya?"

"Na padri, kakaa mbele na dereva. Mwaka juzi ilikuwa hivi hivi, ndege ya misheni ilipomrudisha Mzee Rutashobya kutoka hospitali ya Mwanza. Watu wa kwenu wanapenda ndege, bwana, sijui kwa nini."

Privatus aliinama akajifanya anakagua tairi. Hakutaka Uledi aone macho yake.

Ilikuwa mwaka 1974. Miaka tisa nyuma alikuwa ameacha seminari, imebaki miaka miwili tu apate upadri, akaenda Moshi kujifunza injini. Siku ile baba yake, Mzee Rwegasira, katekista wa Ijumbi, alisema mbele ya majirani kwamba yeye hana mtoto wa jina hilo. Tangu hapo Privatus alimwandikia kila Pasaka na kila Krismasi. Hakuna barua iliyojibiwa.

Siku za kazi alitengeneza matrekta. Jumapili alijifunza kuruka katika klabu ndogo iliyoachwa na walowezi, na hilo hakumwandikia mtu yeyote nyumbani. Kwa miaka minne alichora safari ileile kwenye ramani: Moshi, Mwanza, Bukoba, halafu uwanja wa mpira wa shule ya Ijumbi. Alitaka kitu kimoja tu. Mzee atoke nje, aje amwone.

Simu ya maandishi ya kuwaarifu iliandikwa na rafiki yake Yunus, karani wa posta, ikatumwa kwa mwalimu mkuu wa shule. PRIVATUS ANAFIKA KWA NDEGE JUMAMOSI SAA NANE. FYEKENI UWANJA. MWAMBIENI BABA POLEPOLE.

"Hilo la mwisho la nini?" Privatus alikuwa ameuliza.

"Si umesema mzee wako ana hasira? Mtu wa namna hiyo haambiwi jambo ghafla."

Privatus aliona rafiki yake ana busara, akamwacha aitume.

Kutoka Bukoba hadi Ijumbi ni mwendo wa nusu saa kasoro. Ziwa lilikaa kushoto, limetulia. Chini ya ndege ilipita migomba, mabati, migomba tena, kisha shamba la kijiji, ambalo mistari yake ilinyooka kuliko kitu kingine chochote wilayani. Aliimba kidogo. Alirudia kwa Kihaya maneno aliyoyaandaa tangu Mwanza, yale ya kuomba radhi kwanza, kisha yale ya kujisifu.

Aliuona uwanja saa nane kasoro dakika tatu.

Watu walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuota. Nyasi zilikuwa zimefyekwa mpaka udongo ukaonekana. Wanaume walisimama upande mmoja na kofia mikononi. Wanawake waliketi chini, upande wa pili. Padri alikuwa amevaa mavazi yake ya ibada, na kwaya ilijipanga nyuma yake. Hata padri amekuja, Privatus aliwaza. Basi habari ya seminari imekwisha.

Alizunguka mara moja, akatikisa mabawa kuwasalimia.

Hakuna aliyepunga mkono.

Wanaogopa, aliwaza. Akashuka. Magurudumu yaliruka mara mbili, yakatulia, na ndege ikasimama karibu kabisa na goli. Alizima injini. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna hata mtoto aliyekimbia kuja kushika bawa.

Kisha akamwona. Mzee Rwegasira alikuwa ametoka katikati ya watu, amevaa koti lake la Krismasi, anakuja. Jirani yake Buberwa alimshika kiwiko, ingawa zamani mzee hakukubali kushikwa hata akipita kwenye utelezi. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yamemvimba.

Privatus alifungua mlango akaruka chini, na kofia ya vipokea sauti ikiwa bado kichwani, miwani myeusi usoni, ndevu za miaka tisa kidevuni. Maneno yote ya kutoka Mwanza yalimpotea.

Baba yake ndiye aliyetangulia kusema. Alisema kwa Kiswahili, lugha aliyowawekea wageni na watu wa serikali.

"Bwana rubani, pole na safari. Mungu akulipe."

Hakuwa anamtazama. Alitazama juu ya bega lake, kwenye viti vya nyuma.

"Tunaomba ufungue polepole. Wanaume sita wa kumbeba wapo. Tumemchimbia kaburi karibu na babu yake, kwenye migomba."

Mzee aliweka kiganja ubavuni mwa ndege, akakiacha pale.

"Ni mwanangu huyo," alisema.