Mkono wa Nairesiae

Kikombe cha bati kiligonga sakafu gizani, kikabingirika, kikanyamaza.

"Nani? Yordani?"

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na nje jogoo wa jirani alikwisha kuanza kuwika. Mama Yordani alipapasa chini ya mto, akapata simu, akawasha tochi.

Mwanawe alikuwa amesimama kando ya kitanda, maji yamemlowesha miguu. Hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kifuani, mikono ameishusha, utosi ameuelekeza kwa mama yake. Anangoja.

Mtoto wa miaka minne, kwa kumwaga maji tu, anajiweka tayari kwa kofi! Na ndani ya nyumba hii hajawahi kuguswa hata kwa njiti ya fagio.

Mama Yordani alimvuta kwake, akampapasa kichwani akitafuta nundu. Hakuipata. Mtoto akainua uso, akatabasamu kidogo, akapanda kitandani, akalala.

Yeye hakulala tena.

Haikuwa mara ya kwanza. Shemeji yake alipoteremka kutoka Kwashemshi na mkungu wa ndizi, Yordani aliinama vivyo hivyo mlangoni. Jumapili, mbele ya mzee wa kanisa, akainama tena. Watu walitazamana. Mmoja akamnong'oneza, "Mwenzetu, huyu mtoto mnamfanya nini huko nyumbani?" Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alijua yanakotoka. Ni kule Masuguru, kwenye kituo cha kulelea watoto cha Mama Habakuki. Zamani kilikuwa kituo cha kuringia: uji wa ulezi wenye karanga, walezi wa kutosha, watoto wanarudi wameoga. Sasa uji ni maji yaliyotiwa rangi. Magodoro yananuka mkojo. Kuna siku Yordani alirudi amevaa kaptula ya mtoto mwingine. Walezi waliondoka mmoja mmoja, na Mama Habakuki, ambaye siku hizi akili yake yote iko kwenye duka lake la vipodozi, akaleta msichana mmoja kutoka nyika za wafugaji, Handeni. Nairesiae. Kiswahili chenyewe cha kuokoteza.

Lakini amtoe ampeleke wapi? Asiposhinda sokoni kwenye meza yake ya mboga, jioni hawapiki.

Kulipokucha hakwenda sokoni. Alimfikisha mtoto kituoni, kisha akaenda moja kwa moja dukani kwa Pooja, muuza vitenge, ambaye mwanawe Jatin alilelewa kituo hicho hicho.

"Hata Jatin!" Pooja aliacha mkasi juu ya kitambaa. "Jana babu yake kaingia tu, mtoto kainama hivi. Mzee wa watu machozi yakamtoka. Ananiuliza, Pooja, unampiga mjukuu wangu?"

"Ni yule msichana."

"Nani mwingine? Kwao si wanachunga kwa fimbo? Kadhani watoto wetu ndama."

Walicheka, kisha kicheko kikawakwama.

Simu zikapigwa. Jua halijawa kali, ua wa kituo ulikuwa umejaa akina mama. Mama Habakuki alishuka kwenye bodaboda, mkoba begani, uso umekunjamana. Nairesiae akatoka ndani, mtoto mgongoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Nairesiae, unawapiga watoto?" mwenye kituo alimuuliza.

"Hapana, mama."

"Na vichwani je? Hujawagusa vichwani?"

Msichana alishangaa kuulizwa. "Nimewagusa. Kila asubuhi wakifika. Kila mmoja, sibagui. Kwetu mtoto anafunzwa hivyo, awe na heshima."

"Mmemsikia!" Mama Yordani alipaza sauti. "Anasema mkavu, bila hata kupepesa macho!"

Nairesiae alifungua mdomo, kelele zikamfunika. Huyu anataka polisi, yule ustawi wa jamii. Pooja alikuwa akilia waziwazi. Na Mama Yordani, bila kujua alivyofika pale, alijikuta amepiga magoti kwenye mchanga mbele ya mwenye kituo.

"Mama yangu, nakuomba. Uji mbovu nitauvumilia. Mikojo nitafua mwenyewe. Huyu tu muondoe. Mwanangu akiona mtu mzima anajikunja kama kifaranga. Nakuomba, mama."

Mama Habakuki alitazama pembeni. "Nikimwondoa huyu sina mwingine. Kituo nafunga. Mnanielewa?"

"Funga!" walijibu kwa pamoja.

Nairesiae alimshusha mtoto mgongoni, akamfuta kamasi kwa ncha ya shuka yake, akampa mama yake. Akaingia kuchukua mfuko wake. Alipotoka walimpisha njia kwa mbali, kama anayepita na moto. Hakumtazama mtu. Alielekea barabarani, kunakopita magari ya Handeni.

Hapo ndipo Mama Habakuki alipoufungua mlango wa chumba cha watoto.

Yordani alimwona mama yake, akaja mbio. Akasimama mbele yake. Akainamisha kichwa.

Mama Yordani alichuchumaa. Mikono aliificha mgongoni, asije akamtisha zaidi.

"Basi, baba. Yamekwisha. Ameondoka. Hakuna atakayekupiga tena."

Mtoto hakuinuka. Alingoja, akangoja, kisha akasema kwa sauti, kama anayemkumbusha mtu mzima adabu:

"Mama, nimekuamkia, nishike kichwa kama Dada Nairesiae anavyotushika."