Siku ya Saba ya Sekela

Siku hizi mwanafunzi ni yule tu ambaye kishikwambi cha darasani kimemsikia akijibu. Asiposikika kwa siku saba, jina lake hufutwa. Sekela wa darasa la tatu ana kigugumizi, na kabla hajamaliza neno, kishikwambi huwa kimeshamruka.

Siku ya saba mama yake, Subilaga, alikwenda shuleni mbio.

"Mwalimu Lwitiko, huyu hapa nimemshika mkono! Humwoni?"

"Namwona, mama," mwalimu alinong'ona. "Lakini nikimwandika kwa mkono, na mimi nitafutwa. Mrudishe nyumbani."

Nyumbani walimkuta Tumpale wa darasa la pili, mdogo wake Sekela, ameshatandika mkeka na kupanga sahani mbili.

"Na ya dada yako?"

"Dada gani, mama? Leo kishikwambi kimetufundisha. Niko peke yangu."

Subilaga akaleta sahani ya tatu. Tumpale akaichukua taratibu, akairudisha kabatini.

"Tumwekee mgeni," alisema kwa upole.

Subilaga akamvuta Sekela kifuani, akagundua kwamba yeye mwenyewe anaogopa kumtazama machoni Tumpale, mtoto wake mdogo.