Dakika Arobaini na Moja

Fundi Jaimin alimsogezea Elinipendo diski sikioni. "Sikia mwenyewe, dada."

Tik. Tik. Tik. Kitu kilikuwa kinagonga ndani.

"Hii imeanguka, na imeanguka vibaya," fundi akasema. "Kompyuta naiwekea diski mpya, napiga Windows, inapona. Hii ya zamani nitaiunga kwa waya, nijaribu kunyofoa vilivyomo kabla haijakata roho. Siahidi."

"Sihitaji vyote. Nataka sauti ya baba tu."

Jaimin akachukua bisibisi. Elinipendo akakaa kwenye stuli, mkoba mapajani.

Imeanguka! Daniel, mdogo wake, ndiye aliyeiazima Jumatatu asubuhi, eti ana barua ya kuandika, jioni akairudisha imekufa. Eti imemponyoka kwenye ngazi. Daniel huyu huyu anayeshuka kila wiki kutoka Masama mpaka mjini na trei kumi za mayai nyuma ya pikipiki, halivunjiki hata moja! Leo ndiyo imponyoke kompyuta ya dada yake, siku tano kabla ya kikao cha ukoo? Mtu mzima hadanganywi hivyo.

Na alijua kinachomuuma Daniel. Miaka minne Elinipendo alimuuguza baba yao, mzee Ebenezeri. Aliacha ualimu Singida, akarudi nyumbani kumwogesha, kumgeuza kitandani, kumlisha mtori kijiko kwa kijiko. Siku moja mzee, macho yameshakwisha kabisa, akamshika mkono na kutamka kwamba nusu ya chini ya kihamba, shamba lao la urithi, kuanzia kwenye mfereji mpaka barabarani, na migomba yake na kahawa yake, ni ya binti yake Elinipendo, na mtu asimsumbue. Kwenye ukoo wao hakuna binti aliyewahi kupewa kihamba. Ndiyo maana, mzee alipoanza tu kusema, Elinipendo aliwasha simu kimyakimya, akaiegemeza kwenye Biblia, ikarekodi.

Simu ile baadaye ilidumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Bahati yake, sauti alikuwa ameshaihamishia kwenye kompyuta.

Mzee alikuwa na wiki tatu kaburini. Jumapili, baada ya ibada, Elinipendo alimweleza Daniel kila kitu, kwamba sauti anayo na kikaoni ataifungulia wote waisikie. Daniel akauliza jambo moja tu: "Simu uliiacha inarekodi mpaka saa ngapi?"

Swali gani hilo jamani, la mtu asiye na la kusema! Kesho yake ndipo akaja kuazima kompyuta.

Simu ikaita. Alikuwa Daniel.

"Shikamoo dada. Uko wapi?"

"Marahaba. Niko kwa fundi, natengeneza ulichokivunja."

Daniel akasema polepole, "Dada, achana na hiyo sauti. Jumamosi nitasimama mwenyewe mbele ya ukoo, niseme nusu ya chini ni yako. Nitatia na saini."

"Baada ya kuniharibia ushahidi ndiyo unajifanya mwema? Nije kikaoni mikono mitupu, halafu unigeuke?"

"Nakuomba, dada. Kwa jina la Mungu, usiisikilize."

Elinipendo akamkatia. Machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya fundi, wala hakuona haya. Mtoto aliyembeba mgongoni akienda kukata majani ya ng'ombe! Angeibiwa na mtu baki asingeumia hivi.

Kompyuta ikawaka, ikajizima, ikawaka tena. Ikauliza lugha. Ikamuuliza na jina, kana kwamba hawajawahi kuonana. Elinipendo akaliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Jaimin akaunga diski ya zamani, nayo ikaendelea kugonga, ikanyamaza, ikagonga.

"Dada, nimeipata! Ni hii ya dakika arobaini na moja?"

"Hapana, yangu ni fupi. Dakika tatu hivi. Baba aliponibariki tu nikaenda jikoni kumwepulia mtori." Tangu siku ile kila akiisikiliza alikuwa anakomea kwenye baraka. Hapo kilio humshinda.

"Basi simu uliisahau inarekodi," Jaimin akasema, akabonyeza.

Sauti ya mzee ikajaa dukani, nzito, na kikohozi chake kile kile. Nusu ya chini. Binti yangu Elinipendo. Mungu akubariki. Elinipendo akapiga makofi, akamshukuru Yesu kwa sauti. Sasa Daniel atakiona Jumamosi!

"Ngoja niijaribu na mbele," Jaimin akasema, "nione kama haijaharibika." Akasogeza kidogo.

Mlango ulisikika ukifungwa, ukafunguka, mtu akaingia. Kisha mzee, kwa sauti ya chini: "Ameshatoka?"

"Yuko jikoni, baba." Alikuwa Daniel.

"Basi kama umesikia niliyomwambia, usihangaike. Nisipompa neno atarudi Singida, na mimi ataniogesha nani? Kihamba ni chako chote. Karatasi nimeshampa mwenyekiti wa ukoo, ataisoma kikaoni nikishazikwa."

"Baba, usimfanyie dada hivyo." Daniel alikuwa analia. "Baba, nakuomba."

Mlango ukafunguka tena, na Elinipendo akaisikia sauti yake mwenyewe, akiingia na kicheko: "Baba, mtori tayari! Ngoja nikupoozee."

"Asante, mama," mzee akamjibu. "Sina mtoto kama wewe."