Kidole Gumba cha Bwana Yule

Ndoa ni kesho, na leo bibi harusi Salhina amepelekwa makumbusho ya mji kupigwa picha. Mashangazi, mawifi, bwana harusi Badru na hata majirani wasioalikwa wamo, vicheko mpaka darini.

Wakasimama mbele ya mchoro mmoja mkubwa: mke ameketi, mume kasimama nyuma yake, mkono begani.

"Tazameni mapenzi hayo!" akasema wifi mmoja. "Wa kwangu hata salamu hanipi."

Wakaangua kicheko. Salhina hakucheka, maana alikuwa amekiona kidole gumba cha yule mume. Kilikuwa kimezama begani mpaka kitambaa kimebonyea, na mke anatabasamu kwa mdomo tu, kama mtu aliyeamriwa. Tabasamu lile alilijua. Ndilo alilokuwa nalo mwenyewe tangu achumbiwe na Badru.

"Na sisi tupigwe hivyohivyo," Badru akasema, akavuta kiti. "Kaa."

Akakaa. Mkono wa Badru ukamtua begani, mzito, wa moto.

"Bibi harusi, cheka kidogo!" mpiga picha akaita.

"Shangazi," Salhina akasema, "mimi naogopa."

"Sote tuliogopa, mwanangu. Huisha!"

Ukumbi mzima ukacheka. Kidole gumba kikaanza kukandamiza, polepole.

Salhina akainuka, na papo hapo kamera ikamulika. Vicheko vikakatika. Mkono wa Badru ulibaki hewani, juu ya kiti kitupu, vidole bado vimekunjwa.