Pikapu ya Marehemu

"Shemeji, pulizia chujio haraka. Njia ya shamba ni vumbi tupu," alisema mdogo wa marehemu kwa macho makavu, akiegemea pikapu aliyojitwalia kabla udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka.

Mjane alilichomoa chujio la hewa. Ufundi alifundishwa na marehemu mumewe: upepo hupulizwa polepole, toka ndani kwenda nje, karatasi isipasuke. Mchanga ukipenya, injini kwisha.

Akaubana mdomo wa kompresa ya upepo kwenye upande wa nje wa chujio, akafungulia upepo wote. Karatasi ikachanika, tundu la kupitisha kidole.

Akalirudisha chujio kwenye kasha lake, akafunga vibano vyote vinne.

"Umepuliza vizuri?"

"Wewe nimekuzidishia, shemeji," alisema, akamfutia vumbi kwenye kioo cha mbele.