Jirani Aliyekereka

Ilikuwa Jumanne, siku ya kumi na nne ya Mfungo Tano, saa nne asubuhi, halmashauri ilipoupiga lakiri ukumbi wa muziki wa Mzee Shebuge. Ala za bendi zote tatu za mji zilibaki ndani. Barua ilisema kelele zimemkera jirani, na lakiri haitatoka mpaka jirani huyo aseme ameridhika.

"Jirani gani?" Shebuge alimwuliza Mwinjaka, karani aliyeleta barua.

"Hawakuandika, mzee."

"Wakubwa wenu! Kufunga wanajua, kufungua hawajui."

Alhamisi wakafuatana mlango kwa mlango kumtafuta mlalamikaji. Shebuge, ambaye tangu afiwe na mkewe hakuwahi kumsihi mtu, alisimama kwa Bi Tunu, aliyepakana naye ukuta kwa ukuta.

"Dada yangu, sema kweli. Muziki wangu haukukeri hata kidogo?"

"Ebo! Nimekukosea nini? Tangu wafunge silali. Nimezoea kubembelezwa na besi."

"Basi kereka kidogo tu, halafu uridhike."

"Uongo huo siutii sahihi, kaka."

Fundi cherehani naye akakana, akauliza bendi zinarudi lini. Mtaa ukaisha hivyo hivyo, hakuna aliyekereka.

Wakaketi kwenye ngazi za ukumbi, jua kali. Nyuma ya mlango, uzi wa gitaa ukakatika kwa joto, ukalia mara moja. Wote wawili wakageuza shingo.

"Mzee," Mwinjaka akasema taratibu, "kama hayupo aliyekereka, nani atakuja kuridhika?"