Mlinzi wa Fuko

Wewe unayepachika kazi za watu ndani ya programu yako ya kompyuta bila kuuliza zinakuja na nini, sikia yaliyompata Fuko.

Fuko haoni, na alimwogopa Nyoka kupita kiasi. Basi akamwomba Nyenje ahamie shimoni mwake awe mlinzi. "Uimbe bila kukoma," alimwambia. "Ukimwona Nyoka, nyamaza. Nitajua nikimbie."

"Sawa, ndugu yangu, ila mimi naishi kwa makombo ya Panya. Nikija, naye anakuja."

"Aje! Na wote walio wake waje!"

Jioni Nyenje aliingia akiimba. Panya akafuata, akihema kama aliyekimbizwa. Fuko alijibanza ukutani, akimgusa kila mgeni anayepita. "Karibu. Karibu, ndugu."

Kisha akapita mwingine ambaye hakupiga hodi. Alikuwa wa baridi, tena laini, na hakuisha kupita.

"Karibu," alisema Fuko. "Panya, huyu ni wako?"

"Si wangu!" Panya alilia kutoka ndani. "Hunifuata tu, kila niendako."

Fuko akatega sikio. Nyenje alikuwa amenyamaza.